Betri Haina Hatia

Gari likigoma kuwaka asubuhi, hukumu hutoka kabla boneti haijafunguliwa: betri imekufa. Jirani atasema hivyo, mlinzi wa getini atasema hivyo, na muuza betri, ambaye hana sababu yoyote ya kubisha, atawaunga mkono wote wawili. Betri mpya inafungwa, gari linawaka papo hapo, na mwenye gari anaendelea na safari zake akijua yamekwisha. Baada ya wiki chache betri mpya nayo inazima. Hapo maelezo hubadilika: aliuziwa feki.

Huenda kweli aliuziwa feki; bidhaa za namna hiyo hazijawahi kuadimika madukani. Lakini mara nyingi betri zote mbili, ya zamani na mpya, hazikuwa na kosa. Betri haizalishi umeme. Inaupokea, inautunza na kuutoa. Anayeuzalisha gari likitembea ni alternata, na alternata ikidhoofika haitoi moshi wala haizimi injini siku hiyohiyo. Betri hufilisika kidogo kidogo, kisha siku ya siku lawama zote zinaiangukia. Makala haya yanahusu kifaa hicho kinachokwepa lawama, na yanahusu pia tabia iliyoenea kwenye gereji zetu: kutafuta ugonjwa kwa kubadilisha vipuri mpaka gari likubali, ilhali kipimo cha dakika tano kingetoa jibu.

Kilichomo ndani

Alternata hukaa ubavuni mwa injini ikizungushwa na mkanda ambao mafundi wengi bado wanauita mkanda wa feni, hata kwenye magari ambayo feni yake ni ya umeme na haijawahi kuguswa na mkanda wowote. Ndani ya ganda lake la aluminiamu mna sehemu tano zinazostahili kujulikana. Rota ndiyo inayozunguka: ni koili iliyofunikwa kwa makucha ya chuma, na umeme kidogo ukipita kwenye koili hiyo, makucha hugeuka sumaku. Stata ni nyaya za shaba zilizotulia kuizunguka rota. Sumaku ikipita mbele ya nyaya, umeme huzaliwa kwenye nyaya. Kanuni hiyo aliionyesha Michael Faraday jijini London mwaka 1831, na hakuna mtengenezaji wa magari aliyefanikiwa kuipindua tangu hapo.

Sehemu ya tatu ni kaboni mbili, vipande vidogo vinavyogusa rota inapozunguka ili kuipelekea ule umeme kidogo wa kuifanya sumaku. Ya nne ni daiodi, kwa kawaida sita au zaidi, zinazougeuza umeme wa stata, ambao huenda na kurudi, kuwa umeme wa upande mmoja unaokubalika na betri. Ya tano ni regulata, inayoamua ni umeme kiasi gani upewe rota. Volti zikishuka kwa sababu umewasha taa, regulata huiongezea rota nguvu, zikipanda, huipunguzia. Kwa gari la volti 12, lengo lake ni kama volti 13.8 hadi 14.5. Kwa lori au basi la volti 24, lengo ni maradufu ya hapo.

Historia ya mashine hii ina kichekesho chake. Mwaka 1832 Mfaransa Hippolyte Pixii alitengeneza jijini Paris mashine ya kuzungusha sumaku iliyotoa umeme wa kwenda na kurudi. Wakati huo hakuna aliyekuwa na matumizi nao, kwa hiyo kwa ushauri wa André-Marie Ampère ikaongezwa swichi ya kuzunguka ili umeme utoke upande mmoja. Uzao wa wazo hilo ndio dainamo, na ndiyo iliyochaji betri za magari kwa miongo mingi, zikiwemo Land Rover za mwanzo zilizopita kwenye barabara zetu za vumbi. Udhaifu wa dainamo ni kwamba umeme wake wote mzito hupita kwenye kaboni na sehemu inayozunguka, hivyo haikuweza kutoa ampea nyingi, na injini ikiunguruma taratibu ilikuwa haitoi kitu cha maana. Daiodi za silikoni zilipopatikana kwa bei nafuu, hesabu ikabadilika. Umeme mzito sasa ungezaliwa kwenye nyaya zilizotulia, na kaboni zingebeba ampea chache tu. Kampuni ya Chrysler ya Marekani ikaifanya alternata kuwa kifaa cha kawaida kwenye gari lake la Valiant la mwaka 1960. Miaka 128 baada ya Pixii, dunia ilirudi kwenye umeme uleule iliokuwa imeukataa.

Kipimo kilichopitwa na wakati

Dainamo iliondoka, lakini iliacha nyuma kipimo chake. Gari likiwa linaunguruma, fundi anachomoa waya wa betri. Injini ikiendelea, anatangaza kwamba alternata ni nzima. Ikizima, anatangaza kwamba imekufa. Ni kipimo chenye mvuto: hakihitaji kifaa, kinafanyika mbele ya mteja, na kinatoa jibu la ndiyo au hapana. Kasoro yake ni kwamba kinaweza kuua kile kinachopimwa, pamoja na vitu vingine ambavyo havikuwa na tatizo.

Betri inapokuwa imeunganishwa, hufyonza mshtuko wa umeme. Alternata ikiwa inazalisha ampea nyingi halafu betri ikaondolewa ghafla, sumaku ya rota haizimiki papo hapo. Umeme uliokuwa unaelekea kwenye betri hukosa pa kwenda na volti hupanda. Wahandisi wa magari wameupima mruko huo: kwenye gari la volti 12 unaweza kuzidi volti 80 kwa sehemu ya sekunde. Katika zama za dainamo hapakuwa na cha kuungua sana isipokuwa balbu. Gari la leo lina kompyuta ya injini, ya gia, ya mifuko ya hewa na ya breki, na regulata yenyewe ni kipande cha kielektroniki. Watengenezaji huweka kinga, na mara nyingi kinga hizo hustahimili. Zisipostahimili, mteja aliyekuja na tatizo la chaji huondoka na tatizo la kompyuta, na hakuna atakayehusisha mawili hayo.

Hata pale kisipoharibu kitu, kipimo hicho hakipimi kinachotakiwa. Injini inaweza kuendelea kuunguruma kwa volti ambazo hazitoshi kamwe kuchaji betri. Kujua kwamba alternata inatoa chochote na kujua kwamba inatoa cha kutosha ni mambo mawili, na ni hilo la pili linalokulaza njiani.

Kipimo chenyewe

Kinachohitajika ni mita ya umeme, ile ya kawaida inayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya umeme kwa sehemu ndogo ya bei ya betri moja. Kwanza, gari likiwa limelala usiku kucha, weka mita kwenye betri. Volti 12.6 ni betri iliyojaa; 12.2 ni kama nusu. Chini ya 12 ni tupu. Pili, washa injini na uiache iungurume bila kukanyaga mafuta. Volti zinatakiwa kupanda hadi kati ya 13.8 na 14.5 au karibu na hapo. Zikibaki palepale zilipokuwa injini ikiwa imezimwa, chaji haiifikii betri. Zikizidi 15, regulata imepoteza breki, na betri itachemka, itakausha maji yake na kutoa harufu ya yai viza. Tatu, washa taa kubwa, kiyoyozi na feni, kisha kanyaga mafuta kidogo. Volti zikishuka chini ya 13 na kukataa kurudi, alternata imezidiwa au imeanza kuchoka.

Namba ikiwa mbaya, bado usiifungue alternata. Pima kutoka kwenye nguzo yake kubwa ya kutolea umeme hadi chanya ya betri, injini ikiunguruma na taa zikiwaka. Tofauti ikizidi kama volti 0.3, tatizo ni waya au maungio. Fanya hivyohivyo kati ya ganda la alternata na hasi ya betri. Watu wa Tanga, Mombasa na Unguja walichukulie hili kwa uzito, maana hewa ya chumvi hula maungio ya waya wa hasi chini ya gari, mahali ambapo hakuna anayetazama. Alternata nyingi nzima zimetolewa na kuuzwa kama chakavu kwa sababu ya boliti moja yenye kutu.

Kipimo cha mwisho ni cha daiodi. Geuza mita iwe upande wa umeme wa kwenda na kurudi, ipime betri injini ikiunguruma. Ukiona zaidi ya nusu volti, kuna daiodi iliyokufa inayopitisha umeme ambao haukugeuzwa. Daiodi iliyokufa ina ishara nyingine pia: betri hunyonywa usiku gari likiwa limezimwa, na alternata huwa vuguvugu saa kadhaa baada ya gari kuegeshwa. Ndiyo maana mtu anaweza kununua betri mbili kwa mwaka na bado asubuhi akatafuta wa kumsukuma.

Na ile taa nyekundu yenye picha ya betri? Inasaidia, lakini isiaminiwe kupita kiasi. Kwenye magari mengi huwaka pale tu volti za betri na za alternata zinapopishana sana, kwa hiyo alternata inayotoa kidogo mno au inayopitiliza inaweza kuiacha ikiwa imezimika. Jambo la kutazama ni kwamba iwake unapofungua swichi na izime injini inaposhika. Isipowaka kabisa, huenda balbu imeungua, au imetolewa na muuzaji asiyependa maswali.

Hesabu ya foleni

Wengi huamini kuwa kuwasha gari ndiko kunakomaliza betri. Hesabu inasema vingine. Starta ikila ampea 200 kwa sekunde mbili, alternata inayorudisha ampea 10 hulipa deni hilo ndani ya sekunde 40. Kinachomaliza betri ni matumizi ya muda mrefu yasiyolipwa.

Chukua gari kwenye foleni ya jioni jijini Dar es Salaam. Taa mbili kubwa za wati 55 zinakula kama ampea 8. Feni ya rejeta, ambayo kwa joto letu haipumziki, inaweza kula 10 hadi 20. Feni ya kiyoyozi inadai 10 nyingine au zaidi, na pampu ya mafuta, nozeli na plagi kiasi kama hicho. Jumla inaweza kupita ampea 40 bila redio. Alternata iliyoandikwa ampea 80 haitoi 80 hapo: namba hiyo ni ya mzunguko wa kasi. Injini ikiunguruma taratibu, na alternata ikiwa imepata joto, inaweza kutoa nusu yake au pungufu. Pengo linazibwa na betri, na mtu anafika nyumbani akiwa na chaji ndogo kuliko aliyoondoka nayo ofisini, ingawa injini haikuzimwa njia nzima.

Kwa matatu za Nairobi hesabu ni ngumu zaidi, kwa kuwa abiria huchagua gari kwa muziki. Kikuza sauti kinachotumia wati 1,000 kwa kweli kinahitaji zaidi ya ampea 70 peke yake. Nasema kwa kweli kwa sababu wati zinazoandikwa kwenye maboksi ya vikuza sauti ni suala la imani. Hata hivyo, anayefunga spika, skrini na mataa ya rangi bila kuongeza alternata anaikopa betri, na betri haijui kusamehe.

Kosa linalofanana na hilo ni kuitegemea alternata ijaze betri iliyokufa kabisa. Gari linashtuliwa kwa nyaya za jirani, linaendeshwa, na mwenyewe anadhani safari ya nusu saa itaijaza. Betri ya ampea-saa 60 iliyo tupu inataka saa nyingi za chaji ya taratibu. Kama ampea 6 kwa saa kumi au zaidi ndicho kipimo cha kiungwana. Kuilazimisha alternata kufanya kazi hiyo barabarani ni kuichosha kwa joto. Betri iliyolala ipelekwe ikachajiwe kwenye mashine.

Mkanda, mafuta na maji

Alternata inayotoa ampea 100 kwa volti 14 inatoa wati 1,400. Kwa kuwa sehemu ya nguvu hupotea kama joto, huidai injini kama nguvu-farasi tatu, na zote hupita kwenye mkanda mmoja wa mpira. Mkanda ukilegea huteleza, na ukiteleza hulia, hasa asubuhi au baada ya mvua. Tiba maarufu ya kuupaka sabuni hunyamazisha kelele na kuacha sababu palepale. Mkanda uliopasuka au kung'aa kama kioo ubadilishwe, na ule uliolegea ukazwe kwa kiasi, kwani ukikazwa kupita kiasi huua beringi za alternata. Beringi inayokufa hutangaza mapema kwa mlio mwembamba unaopanda na mzunguko wa injini.

Madereva wa Hiace na Hilux za zamani zenye injini za dizeli za Toyota za mfululizo wa L wana sababu ya ziada ya kuujali mkanda. Nyuma ya alternata zao imefungwa pampu ya kuvuta hewa inayosaidia breki. Mkanda ukikatika, taa ya betri huwaka, na baada ya kukanyaga mara chache pedali ya breki nayo huwa nzito kama jiwe. Pampu hiyohiyo hulainishwa na mafuta ya injini, na sili yake ikichoka, mafuta huingia ndani ya alternata na kuzilowesha kaboni. Kubadilisha alternata bila kubadilisha sili ni kulipia kazi mara mbili.

Adui mwingine ni usafi. Kuosha injini kwa mashine ya maji ya kasi huleta sura nzuri siku ya kuuza gari, lakini alternata ina matundu ya kupitishia hewa, na maji yenye sabuni na tope hupita humo hadi kwenye beringi na kaboni. Ndivyo ilivyo pia kwa anayelivusha gari kwenye mafuriko ya Jangwani, Dar es Salaam, kwa sababu la mbele yake limepita. Atafika ng'ambo, alternata itadai haki yake baadaye.

Kutengeneza au kununua

Magari mengi yanayoingia Afrika Mashariki yameshatumika Japani. Kenya hairuhusu lililozidi miaka 8, na Tanzania huyatoza ushuru wa ziada makuukuu. Kwa hiyo mnunuzi anapokabidhiwa gari "jipya", kaboni za alternata yake zimeshakula sehemu kubwa ya maisha yao. Kaboni zikiisha, chaji huja na kuondoka. Fundi akiigonga alternata kwa mpini wa nyundo, inaamka, na inafanya kazi kweli, kwa siku kadhaa.

Hapo ndipo mteja huambiwa anunue alternata nyingine, mara nyingi iliyotolewa kwenye gari lililokufa, ambayo historia yake haijulikani. Wakati mwingine ni lazima: stata ikiungua au ganda likipasuka, hakuna la kuokoa. Lakini kaboni, beringi na regulata ni vipande vinavyobadilika, na fundi umeme mzuri huvibadilisha kwa gharama ndogo kuliko ya alternata nzima. Jambo la kukataa ni kuunganisha rota moja kwa moja na betri ili kuiruka regulata iliyokufa. Gari litachaji, bila kikomo, mpaka betri ichemke.

Nao mafundi wanahitaji kujua kwamba magari yamebadilika. Kwenye Honda nyingi, kwa mfano, kompyuta huiamuru alternata ishushe volti hadi karibu 12.5 mzigo ukiwa mdogo, ili kuokoa mafuta. Fundi anayepima mara moja, akaona namba hiyo na kuihukumu alternata, amekosea kwa kutumia kifaa sahihi. Dawa ni kuwasha taa na kupima tena: ikipanda, ni nzima. Vilevile magari yanayojizima yenyewe kwenye taa za barabarani hutengenezewa betri maalumu, na betri ya kawaida ikifungwa humo haitadumu, hata alternata iwe mpya.

Mafundi wetu hawakosi akili wala mikono. Kinachokosekana ni sababu ya kupima. Mteja hulipia kipuri na kazi ya kukifunga, lakini kwa kawaida hakubali kulipia dakika tano za kupima. Anayelipwa kwa kubadilisha atabadilisha. Mabadiliko yanaanza kwa mwenye gari kukubali kwamba jibu sahihi nalo lina bei, na kwamba ni ndogo kuliko ya betri ya pili.

Kwa hiyo, msomaji, gari lako likigoma asubuhi, usitoe fedha ya betri kabla hujaonyeshwa namba tatu kwenye mita: betri ikiwa imepumzika, injini ikiunguruma, na mizigo yote ikiwa imewashwa. Betri ikishazima kabisa, ichajiwe kwanza ndipo namba hizo zichukuliwe. Fundi asiye na mita, mtafute mwingine. Na akinyoosha mkono kuchomoa waya wa betri injini ikiwa inaunguruma, mzuie.